MAZIWA SALAMA BILA MOTO: HISTORIA NA MAFUNZO YAKE

Bismillahir-Rahmanir-Rahim



Sifa zote njema ni za Allah (Subhaanahu wa Ta'ala), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), ahli zake, Maswahaba zake na kila anayewafuata kwa wema mpaka siku ya Kiyama. Ama ba'ad:

Ndugu zangu wazazi, nanyi wanafunzi wetu wapenzi, leo tuzungumze kuhusu kitu kinachopatikana karibu katika kila nyumba, nacho ni maziwa. Nchi zetu hizi zinaitwa nchi za Maziwa Makuu kwa sababu ya Tanganyika, Kivu na Nyanza. Lakini mgeni akipita Ankole, Rwanda au Burundi akaona ng'ombe na vyombo vya maziwa vilivyopangwa ndani ya nyumba, hatutamlaumu akidhani jina hilo limetokana na ng'ombe!

Wanafunzi madrasa huuliza maswali mawili ambayo hayaishi. La kwanza: "Ustadh, wazee wetu walikuwa wakinywa maziwa bila kuyachemsha na wakaishi miaka mingi. Kwa nini sisi tunaambiwa tuchemshe?" La pili: "Tunasikia wenzetu wa nchi zilizoendelea wana mitambo ya kusafisha maziwa bila moto. Je, ni kweli, na je, moto umepitwa na wakati?" Maswali yote mawili yanajibiwa na historia, na jibu lake ni muhimu kwa afya ya watoto wetu.

Kabla ya kuingia katika historia, tuweke jambo moja wazi, kwa sababu makosa mengi yanatokana nalo. Kuna kuyazuia maziwa yasiharibike, na kuna kuviondoa vijidudu vinavyoleta maradhi. Haya ni mambo mawili tofauti. Maziwa yanaweza kukaa vizuri bila kuchacha, yakanukia vizuri, na bado yakamtia mtoto maradhi. Msomaji akilishika hili, yaliyobaki yatakuwa mepesi kwake insha-Allah.

MAZIWA KATIKA QUR'ANI NA SUNNAH

Allah (S.W.) Ametutajia maziwa katika Surat An-Nahl, aya ya 66, kuwa ni mazingatio kwetu. Anayeisoma aya hiyo kwa utulivu ataona kuwa kinywaji kilicho safi kabisa kinatolewa mahali palipo karibu sana na uchafu. Yeyote aliyewahi kukamua ng'ombe anaijua hali hiyo kwa macho yake. Maziwa yanatoka meupe, lakini kwato, mkia, mikono ya mkamuaji na ndoo viko hapo hapo. Usafi na uchafu wamepakana, na ni juu ya mwanadamu kuulinda mpaka huo.

Tunajua pia kuwa katika usiku wa Israa na Mi'raji Mtume (S.A.W.) aliletewa maziwa na mvinyo, akachagua maziwa, akaambiwa kuwa amechagua lililo la maumbile. Na imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Jabir (Allah Amridhie) kwamba Abu Humayd alimletea Mtume (S.A.W.) bilauri ya maziwa kutoka mahali panapoitwa An-Naqi', nayo ilikuwa wazi. Mtume (S.A.W.) akamuuliza kwa nini hakuifunika, walau kwa kuweka kijiti juu yake.

Tazameni ndugu zangu! Hayo yalisemwa zaidi ya miaka elfu moja kabla mwanadamu hajaona kijidudu kwa darubini. Kufunika maziwa ndiyo njia ya kwanza ya kuyalinda bila moto, haina gharama, na ina thawabu ndani yake kwa mwenye kuifanya akikusudia kufuata Sunnah.

Waarabu wa zama hizo walijua pia njia ya kukausha. Katika hadithi ya Abu Sa'id Al-Khudri (Allah Amridhie) kuhusu Zakatul-Fitri, miongoni mwa vyakula vilivyotolewa pishi yake ni *aqit*. Hayo ni maziwa yaliyochachuliwa, yakaondolewa maji, kisha yakakaushwa mpaka yakawa madonge magumu. Wengi hupitisha moto katika utengenezaji wake, lakini kinachoyafanya yakae miezi mingi ni ule ukavu na ule uchachu. Bakteria haishi vizuri pasipo na maji.

WAZEE WETU: KUCHACHUSHA NA KUFUKIZA

Watu wa Afrika wamekunywa maziwa tangu zamani sana. Mwaka 2012 watafiti walitangaza kuwa wamekuta mabaki ya mafuta ya maziwa katika vipande vya vyungu vya Takarkori, kwenye milima ya jangwa la Libya, vilivyotumika miaka 7,000 hivi iliyopita. Mwaka 2020 ukatoka utafiti mwingine kuhusu vyungu vya wafugaji wa kale wa Kenya na Tanzania, navyo vikaonyesha dalili za maziwa. Kwa hiyo elimu ya maziwa si ya kuletewa, ni ya kwetu pia.

Katika nchi za joto, maziwa yaliyokamuliwa asubuhi huanza kuharibika kabla ya jioni. Wazee wetu walilijibu tatizo hilo kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuchachusha. Wanyarwanda wana *ikivuguto*, Wakalenjin wa Kenya wana *mursik*, nasi Waswahili tuna mtindi na maziwa ya mgando. Njia ya pili ni moshi. Wanyankole wa Uganda hukifukiza chombo chao cha mti, *ekyanzi*, kwa moshi wa majani. Wakalenjin husugua ndani ya kibuyu kwa kaa la mti wanaouita *senetwet*. Moshi una kemikali zinazozuia bakteria, nao unakausha kuta za chombo na kuyapa maziwa harufu nzuri.

Sababu ya kuchachusha kufanya kazi ilijulikana baadaye. Mwaka 1857 Louis Pasteur, alipokuwa Lille, Ufaransa, alieleza kuwa uchachu wa maziwa ni kazi ya viumbe hai vidogo. Mwaka 1905 kijana wa Bulgaria, Stamen Grigorov, alipokuwa akisoma Geneva, aliitambua bakteria inayotengeneza mtindi wa kwao. Kinachotokea ni hiki: bakteria wazuri wanakula sukari ya maziwa na kutoa asidi. Asidi ikizidi, vijidudu vingi vibaya havistawi. Baadhi ya bakteria hao wazuri hutoa silaha nyingine pia. Mojawapo ni *nisini*, ambayo wataalamu wa FAO na WHO waliikubali mwaka 1969 kutumika katika chakula, na mpaka leo inatumika katika jibini za viwandani.

Basi wazee wetu hawakuwa wajinga. Walitumia elimu waliyopewa na Mola wao, na iliwasaidia kweli. Lakini tumesema "vijidudu vingi", hatukusema vyote. Kijidudu cha brusela na kile cha kifua kikuu cha ng'ombe vinaweza kustahimili uchachu wa mtindi kwa siku kadhaa, na moshi wa kibuyu hauviui. Na kuhusu kusema kuwa wazee waliishi miaka mingi, tukumbuke kuwa tunawahesabu waliobaki. Watoto waliokufa kwa homa isiyojulikana, na mama walioharibikiwa na mimba, hawakuandikwa popote.

MALTA: MAZIWA MAZURI YALIYOLETA HOMA

Tukitaka kuona kwa dalili jinsi maziwa mazuri yanavyoweza kudhuru, twende katika kisiwa cha Malta, kilichoko katika bahari ya Mediterania. Kisiwa hicho kilitawaliwa na Waislamu kabla ya kuchukuliwa na Wanormani, na lugha ya watu wake imetokana na Kiarabu. Hadi leo Mmalta huyaita maziwa *ħalib*, kama Waarabu wanavyosema halib.

Karne ya 19 Malta ilikuwa chini ya Waingereza, na askari wao walikuwa wakiugua homa iliyowashangaza madaktari. Ilipanda na kushuka kwa majuma, mgonjwa akitokwa na jasho jingi, viungo vikimuuma, akidhani amepona kisha inamrudia. Mwaka 1887 daktari wa jeshi, David Bruce, alikiona kijidudu chake katika mabengu ya waliokufa. Lakini kwa miaka 18 hakuna aliyejua kinatoka wapi. Wengine walidhani ni hewa mbaya, wengine mbu, wengine maji machafu.

Mwaka 1905 daktari wa Kimalta, Themistocles Zammit, alipima damu ya mbuzi, akakuta wengi wao wana maambukizo. Kijidudu kilikuwa kinatoka katika maziwa yao. Mbuzi hao hawakuonekana wagonjwa hata kidogo. Walikuwa wakizungushwa mitaani na kukamuliwa mlangoni mwa mteja, akaona kwa macho yake maziwa yakitoka, ya moto moto, hayajachanganywa na kitu. Hakuna maziwa mabichi na mapya kuliko hayo, nayo ndiyo yaliyokuwa yakiwaangusha watu.

Mwaka huo huo meli ya Joshua Nicholson ilipakia mbuzi wa Malta kuwapeleka Marekani, mabaharia wakanywa maziwa njiani na wengi wao wakaugua. Mwaka 1906 jeshi likawakataza askari wake maziwa ya mbuzi, na homa ikapungua sana miongoni mwao kwa muda mfupi. Raia walioendelea kunywa waliendelea kuugua.

Maradhi hayo ndiyo brusela, na hayakubaki Malta. Yapo katika nchi zetu, katika ng'ombe, mbuzi na kondoo. Tatizo ni kuwa homa yake inafanana na malaria. Mtoto anapewa dawa ya malaria mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na hakuna anayeuliza kuhusu kikombe cha maziwa. Mzazi ambaye homa ya mwanawe inarudi rudi, au mifupa inamuuma, na nyumbani wanakunywa maziwa mabichi, amwambie daktari jambo hilo bila kungoja kuulizwa.

DAWA ZA KUFICHA: BALAA YA MIJI MIKUBWA

Katika karne hiyo hiyo miji ya Ulaya na Marekani ilikua haraka. Maziwa yalisafiri mbali, barafu ilikuwa ghali, na wafanyabiashara wakatafuta njia ya mkato. Wakaanza kutia asidi ya boriki, kisha wakagundua *formalini*, yaani dawa ile ile inayotumiwa kuhifadhia maiti. Matone machache tu, na maziwa yanakaa siku kadhaa bila kuchacha. Hakuna moto wala barafu, na mteja haoni tofauti.

Hapa ndipo tofauti tuliyoianza mwanzo wa makala inapoonekana waziwazi. Kuchacha kwa maziwa ni rehma. Ni namna maziwa yanavyotwambia kuwa yamekaa sana na bakteria wamezaliana. Anayetia formalini anaiziba sauti hiyo. Maziwa machafu yanabaki na sura ya maziwa mazuri, na juu yake imeongezwa sumu.

Huko Washington, kuanzia mwaka 1902, mkemia Harvey Wiley aliwakusanya vijana waliojitolea, akawalisha vyakula vyenye dawa hizo kwa kipimo ili aone zinawafanya nini. Waliugua. Habari zao zilisaidia kupitishwa sheria ya chakula na dawa ya Marekani mwaka 1906. Uingereza, kamati ya serikali ilipendekeza mwaka 1901 kuwa dawa za kuhifadhi zisitiwe kabisa katika maziwa, na mwaka 1912 ikawekwa kanuni ya kuzipiga marufuku. Mwaka 1908 Chicago ikawa mji mkubwa wa kwanza kuagiza maziwa yapashwe moto kabla ya kuuzwa. Watu waliufikia moto baada ya kujaribu hila nyingi.

Sisi Waislamu tulikuwa na fundisho la jambo hili muda mrefu kabla ya sheria hizo. Imesimuliwa katika vitabu vya sira kwamba Khalifa Umar bin Al-Khattab (Allah Amridhie) alikataza kuchanganya maziwa na maji. Usiku mmoja akiwa katika doria zake akamsikia mama akimwamrisha binti yake atie maji katika maziwa ya kuuza. Binti akakataa kwa sababu ya katazo la Khalifa. Mama akasema Umar hayupo hapo awaone. Binti akajibu kuwa hata kama Umar hawaoni, Mola wa Umar anawaona. Umar akapendezwa na ucha Mungu wake, akamwoza mwanawe 'Asim, na katika kizazi chao akapatikana Khalifa mwadilifu Umar bin Abdul-'Aziz.

Ikiwa maji tu, ambayo hayana sumu, yalimfanya Khalifa aweke katazo, tuseme nini kuhusu anayetia formalini, au anayemwaga haidrojeni peroksaidi kwa kukisia ili debe lake lisirudishwe? Huyo ameghushi, na Mtume (S.A.W.) amejitenga na mwenye kughushi. Tena amemdhuru mtoto mchanga asiyeweza kujitetea. Pato lake ni la haramu hata kama maziwa yenyewe asili yake ni halali.

KINGA ALIYOIWEKA ALLAH NDANI YA MAZIWA

Sasa tuje katika njia iliyo tofauti na hiyo ya kughushi. Wanasayansi waligundua kuwa maziwa mabichi yana kinga yake ndani. Kuna kimeng'enya kinachoitwa *laktoperoksidasi*. Kikikutana na chumvi inayoitwa *thiosayaneti* pamoja na haidrojeni peroksaidi kidogo sana, kinatengeneza kitu kinachowazuia bakteria wasizaliane. Vitu hivyo vimo katika maziwa kwa asili, lakini kwa kiasi kisichotosha kuidumisha kinga. Katika miaka ya 1970 watafiti kama Bruno Reiter wa Uingereza na Lennart Björck wa Sweden waliichunguza kinga hiyo, na baadaye njia ya kuiamsha ikajaribiwa katika nchi za joto, Kenya ikiwa miongoni mwao.

Mwaka 1991 Tume ya Codex Alimentarius, iliyo chini ya FAO na WHO, ilitoa mwongozo wake. Katika kila lita moja ya maziwa inatiwa miligramu 14 za sodiamu thiosayaneti, yanakorogwa, kisha zinatiwa miligramu 30 za sodiamu perkaboneti, ndani ya saa 2 au 3 baada ya kukamua. Katika joto la sentigredi 30 maziwa yanapata kinga ya saa 7 hadi 8. Katika sentigredi 20 yanapata saa 16 hadi 17. Kwa mfugaji aliye mbali na barabara, asiye na umeme, muda huo ndio unaoamua kama maziwa yake yatafika kituoni au yatamwagwa.

Mwongozo huo una masharti, nayo ndiyo yanayoitenga njia hii na udanganyifu. Kazi hiyo ifanywe na watu waliofundishwa, katika kituo cha kukusanyia, kwa kipimo kamili. Haifai kwa maziwa yaliyokwisha kuharibika. Wala haikuwekwa ili maziwa yanywewe hivyo hivyo. Mwishoni mwa mwaka 2005 wataalamu wa FAO na WHO walikutana Roma kuipitia upya. Walisema ni njia salama ikifuatwa sawasawa, lakini kazi yake kubwa ni kuwazuia bakteria wasizaliane, si kuwaua, na haichukui nafasi ya kupasha moto. Inayafikisha maziwa kiwandani yakiwa mazima, na huko ndiko moto unakoyangoja.

SHINIKIZO, CHUJIO NA MWANGA

Je, hiyo mitambo ya kisasa? Ni kweli ipo, na baadhi yake ina historia ndefu kuliko tunavyodhani.

Mwaka 1899 Bert Hite, wa kituo cha utafiti wa kilimo cha West Virginia, Marekani, alitangaza kuwa ameyabana maziwa kwa shinikizo kubwa mno, nayo yakachelewa kuchacha. Mitambo ya wakati huo haikuweza kazi ya biashara, na fikra hiyo ikalala kwa miaka 90. Mwaka 1990 Wajapani wakaanza kuuza jemu zilizotengenezwa kwa njia hiyo. Mwaka 2016 jimbo la New South Wales, Australia, likaruhusu kuuzwa maziwa ya ng'ombe yaliyosafishwa kwa shinikizo badala ya moto. Chupa zinatiwa ndani ya mtambo uliojaa maji, na maji yanabanwa mpaka kufikia mara 6,000 hivi ya shinikizo la hewa tunayoivuta. Hiyo ni zaidi ya mara tano ya shinikizo lililopo kwenye kina kirefu kabisa cha bahari. Bakteria wanapasuka na kuharibika. Hata hivyo zipo mbegu za bakteria zenye ganda gumu ambazo hazifi kwa shinikizo hilo, kwa hiyo maziwa hayo lazima yakae katika baridi.

Njia nyingine ni chujio. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Alfa-Laval ya Sweden ilileta mtambo wa kuchuja bakteria. Chujio lake ni la kauri, na matundu yake ni mikrometa 1.4, yaani unywele mmoja wa kichwa ni mnene kuliko tundu hilo mara 50 hivi. Maziwa yanapita na bakteria karibu wote wanabaki nyuma. Lakini chembe za mafuta nazo ni kubwa, hazipiti. Kwa hiyo malai inaenguliwa kwanza, inapashwa moto peke yake, kisha inarudishwa. Na viwanda vingi vikishachuja huyapasha maziwa yenyewe moto pia.

Ya tatu ni mwanga. Mwaka 1877 Waingereza Downes na Blunt walionyesha kuwa mwanga wa jua unaua bakteria. Kwa maji safi miale ya urujuanimno inafanya kazi nzuri sana, lakini maziwa ni meupe mazito, mwanga hauingii ndani. Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya uliruhusu maziwa yaliyomulikwa kwa miale hiyo, lakini ni maziwa yaliyokwisha kupashwa moto, na faida iliyokusudiwa ni kuongeza vitamini D.

Basi swali la pili limejibika. Njia za bila moto zipo na Allah Amewafunulia waja wake elimu kubwa ndani yake. Lakini zinahitaji mitambo ya fedha nyingi, umeme usiokatika, baridi toka mwanzo hadi mwisho, na wapimaji waaminifu. Na nyingi kati yake bado zinafanya kazi bega kwa bega na moto.

MAFUNZO KWA FAMILIA

Tukusanye tuliyoyasoma, kwanza kwa wazazi. Maziwa mabichi yachemsheni mpaka yafure, hasa ya watoto, wajawazito na wagonjwa. Viwanda hutumia sentigredi 63 kwa dakika 30, au sentigredi 72 kwa sekunde 15, na hiyo inatosha kuua kijidudu cha brusela na cha kifua kikuu. Sisi jikoni hatuna vipimo hivyo, kwa hiyo kuchemka ndicho kipimo chetu. Kisha yafunikeni, mkitaja jina la Allah.

Anayependa mtindi, hakuna aliyemkataza. Ayachemshe maziwa kwanza, ayaache yapoe, kisha atie mbegu ya mtindi. Kibuyu na moshi vibaki kwa ajili ya ladha na mila nzuri ya wazee. Hivyo ataipata baraka ya njia ya zamani pamoja na usalama wa elimu mpya. Na mwenye friji asidhani baridi inaua. Baridi inawalaza bakteria tu, na wapo wanaozaliana taratibu humo humo ndani ya friji.

Kwa ndugu zetu wauza maziwa: mkono wako umebeba amana ya watoto wa watu. Ukiona maziwa yako hayachachi siku ya pili juani, nawe unajua kilichotiwa, basi ujue kuwa utaulizwa. Usafi wa mikono, ndoo ya chuma isiyo na mikunjo, na kuwahi kituoni, vinafanya kazi kuliko dawa yoyote ya kificho. Na mnunuzi naye asimsifu muuzaji kwa sababu tu maziwa yake "hayaharibiki". Amuulize kwa nini.

Kwa wanafunzi wetu: msidharau somo la sayansi mkidhani halihusiani na dini. Kujidhuru na kumdhuru mwenzako kumekatazwa katika sheria yetu, na hutaweza kuikwepa dhara usiyoijua. Zammit alipima damu ya mbuzi wazima wakati wengine wakikisia, na kwa kipimo hicho watu wengi wakaokoka. Nchi zetu zinahitaji vijana Waislamu watakaosimama katika maabara za maziwa, wenye elimu ya kupima na wenye khofu ya binti yule wa zama za Umar, anayejua kuwa yupo Anayemwona hata asipoonwa na mkaguzi.

Tunamuomba Allah (S.W.) Atubarikie katika riziki Zake, Atulindie watoto wetu na maradhi, na Atujaalie tuwe wenye kushukuru neema kwa kuihifadhi. Yaliyo sawa katika makala haya yanatoka kwa Allah Peke Yake. Na Allah Ndiye Mjuzi zaidi.

Wabillaahi tawfiiq. Wassalaamu 'alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.